Mkebe wa Bibi na sarafu ya mwaka 1916

Mwenye duka hana muda wa kutazama sarafu. Anaipapasa kwa kidole gumba, anaitupa kwenye kopo, anarudisha chenji, mteja mwingine anaita. Nina duka dogo hapa Kanyenye, Tabora mjini, huu mwaka wa tisa, na sarafu zilizopita mkononi mwangu zingejaza gunia. Lakini mwaka jana ungeniuliza ghafla kwenye shilingi mia yuko mnyama gani, ningefungua droo kwanza nichungulie.

Aliyenifundisha kutazama ni binti yangu wa darasa la tano. Likizo ya Desemba, ili asishinde na simu yangu, nilimpa kazi ya kupanga chenji. Nilitegemea azipange kwa thamani. Yeye akazipanga kwa wanyama: nyati wa mia tano safu yake, simba wa mia mbili safu yake, swala wa mia, faru wa hamsini. Akamaliza, akaniuliza, "Mama, mbona tembo hayupo?"

Nikamwambia tembo alikuwepo kwenye shilingi ishirini, ila siku hizi humwoni kwa sababu ishirini hainunui kitu. Hata pipi hainunui.

"Kwa hiyo hao tembo wote wako wapi?"

Swali hilo ndilo lililotuingiza kwenye mambo ya kukusanya sarafu. Na nawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu ni jambo mnaloweza kulianza jioni hii hii, kwa chenji iliyobaki baada ya kununua nyanya. Mtoto akitenga shilingi mia yake ya swala, hiyo bado ni shilingi mia. Akichoka mwezi ujao, ananunua kashata. Nionyesheni mchezo mwingine wa watoto unaorudisha fedha yote.

Kwa wiki ya kwanza nilimpa sharti moja tu: sarafu moja ya kila aina na kila mwaka. Mwaka umeandikwa kwenye sarafu yenyewe, lakini ni wangapi tunaousoma? Mtoto akishajua hilo, kopo la chenji linageuka kuwa shamba la kuvuna. Shilingi mia hizi za 1993 na kuendelea, zenye sura ya Mwalimu Nyerere, alizikuta za miaka kadhaa tofauti ndani ya siku tatu. Ile mia tano ya nyati ilianza kutumika mwaka 2014, kwa hiyo ni mdogo wake wa kuzaliwa kwa muda mfupi tu. Hilo lilimfurahisha mno, kwamba kuna hela "iliyozaliwa" karibu naye. Na nilipomwambia kwamba huyo Mwalimu wa kwenye mia alisoma hapa hapa kwetu, Shule ya Tabora, alienda kuisimamisha ile sarafu kwenye kioo cha kabati akawa anaiangalia kama picha ya mjomba.

Tukatoka kwenye kopo la duka tukaingia kwenye droo za majirani. Shilingi ya Tanzania ilianza tarehe 14 Juni 1966, na senti zake za kwanza nazo zilikuwa na wanyama: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini ambayo wazee wanaiita sumni. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Baadaye ikaja senti kumi yenye punda milia. Hizi huzipati sokoni. Ziko kwenye mikebe ya vifungo, chini ya droo za vyerehani, kwenye mifuko ya makoti ya marehemu. Fundi cherehani mmoja jirani yetu alimwaga mkebe wake mezani, na katikati ya vifungo tukapata sungura wawili na samaki mmoja. Alituachia wote kwa kushonewa stori: tumsikilize alivyokuwa akipanda basi kwa shilingi tano moja, ile iliyoitwa dala, na makonda wakipaza sauti "dala, dala!" mpaka gari zenyewe zikapata jina.

Kuna kifaa kimoja nawashauri, nacho ni sumaku. Toeni kwenye spika iliyoharibika. Sungura wa senti hamsini hanaswi. Shilingi moja ya mwaka 1987, yenye sura ya Mzee Mwinyi, inanasa pu! Binti yangu alikuja mbio jikoni kuniuliza kwa nini. Nikamweleza kwa lugha ya duka: shilingi iliposhuka thamani, haikuwa na maana kuitengeneza kwa madini ya bei kuliko yenyewe, kwa hiyo ndani wakaweka chuma, juu wakapaka nikeli. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kama maandazi yanavyopungua ukubwa." Basi. Somo la mfumuko wa bei limeisha, na sikufungua kitabu.

Mkebe wenyewe niliouweka kwenye kichwa cha habari uko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwa mama mkwe wangu. Wageni wanaokuja Tabora hupelekwa Kwihara kuangalia tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, miezi kadhaa, akisubiri wapagazi na mizigo. Sisi tunaenda kusalimia.

Bibi, kama watoto wanavyomwita, amepita miaka themanini, na wakati ule macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Mjukuu alipomwambia anatafuta sarafu za zamani, Bibi alicheka. "Mke mwenzangu, umechelewa kuolewa. Babu yako angekupa zote." Kisha akatuma mkebe wa kahawa uletwe kutoka chini ya kitanda.

Nilichokiona siku hiyo sikukitegemea. Bibi hakuziona zile sarafu, lakini alizijua. Alitia mkono, akashika moja, akapitisha kidole katikati. "Hii ya tundu. Senti kumi ya Mwingereza." Akashika nyingine ndogo zaidi. "Senti tano." Akasimulia kwamba alipokuwa mtoto, akitumwa sokoni, mama yake alizitunga kwenye uzi akamfunga kiunoni zisipotee. Ndiyo kazi ya lile tundu, alisema, na mimi nimemwamini, ingawa nadhani waliotengeneza walikuwa wanafikiria pia kupunguza madini.

Senti hizo za tundu zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, na kwa anayeanza ndizo sarafu za zamani rahisi kuliko zote kuzipata. Zigeuzeni msome jina la mfalme. Kwenye mkebe wa Bibi ilikuwemo ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Huyu alitawala Uingereza tangu Januari hadi Desemba ya mwaka huo, akaachia kiti kabla hata hajatawazwa ili amwoe mwanamke aliyempenda. Kule kwao sarafu zake takriban hazikuingia mikononi mwa watu. Huku kwetu, kwa kuwa sarafu ya tundu haina nafasi ya sura na inahitaji jina tu, senti zake zilishatengenezwa nyingi na zikatumika. Kwa hiyo kitu ambacho Mwingereza wa kawaida hakukishika, bibi mmoja wa Kwihara alinunulia karanga.

Kisha ikatoka sarafu nyekundu iliyochakaa, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Mimi nilikwama. Binti yangu, ambaye kila alasiri huwa madrasa, akaisogeza dirishani akaanza kuunganisha herufi, taratibu, kama anasoma juzuu: sharika... Almaniya. Kampuni ya Ujerumani. Chini yake tarakimu: elfu moja mia tatu na tisa. Ni mwaka wa Hijria, na kwa kalenda ya Kizungu ni kama 1892. Ilikuwa pesa moja, ya zile zilizotolewa na kampuni ya Wajerumani iliyokuwa ikitawala pwani kabla serikali yao haijakamata kila kitu. Wakati huo pesa 64 zilifanya rupia moja. Bibi alikuwa ameishika sarafu hiyo maisha yake yote bila kujua imeandikwa nini, kwa sababu wasichana wa rika lake hawakupelekwa chuoni. Aliposomewa, alisema "Alaa," akaomba airudie.

Hapa naomba nipumzike kwenye maneno, kwa sababu mtoto akianza sarafu ataanza na kuuliza majina. Pesa ni neno lililotoka India, paisa. Jirani yetu mwenye ndugu Muscat alituletea sarafu ya Oman, na pale wanaita baisa, neno lile lile limepita njia nyingine. Rupia ni la India pia. Na hela? Wajerumani mwaka 1904 waliacha hesabu ya pesa 64 wakaigawa rupia kwa heller 100. Wameondoka zaidi ya miaka mia, heller zao zimekuwa kutu, na bado mtoto wa Kanyenye anakuja dukani anasema "Mama kanipa hela". Nenda Nairobi uone kama neno hilo linatamkwa kama kwetu.

Na kabla ya yote hayo, kwenye njia hii ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, sarafu haikuwa na nguvu. Watu walilipwa kwa doti za merikani na kaniki, kwa ushanga na kwa nyaya za shaba. Msafara ulibeba fedha zake vichwani mwa wapagazi, marobota na marobota, na ushanga wa rangi isiyopendwa katika nchi fulani ulikuwa sawa na noti bandia. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ndiyo iliyowasukuma wengi kuitafuta rupia, watake wasitake.

Ya mwisho kutoka mkebeni ilikuwa imefungwa peke yake kwenye kitambaa. Pana kuliko mia mbili yetu, nene, ya njano iliyofifia kuwa kahawia. Ilikuwa na taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, maandishi 20 HELLER, na herufi moja ndogo ambayo binti yangu aliiona kwa kioo cha kukuza: T.

T ni Tabora. Sarafu ile ilitengenezwa hapa mjini kwetu.

Watu wengi wa Tabora hawajui habari hii, na inapaswa isimuliwe kila nyumba. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Serikali ya kikoloni ikasogeza ofisi zake bara, mwishowe ikafika Tabora, ambako reli ilikuwa imeingia mwaka 1912. Katika karakana ya reli wakafunga mashine za kupigia sarafu. Heller 20 na heller 5 zikatengenezwa kwa shaba iliyopatikana, na husemwa kwamba maganda ya risasi na mizinga yaliyeyushwa humo. Kisha kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga sarafu ya rupia 15. Hiyo ina tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na T hiyo hiyo. Zilitengenezwa 16,198 tu. Wakusanyaji wa dunia nzima wanaijua Tabora kwa ajili ya tembo huyo, hata wale wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani.

Kwa hiyo binti yangu alimpata tembo wake, walau kwa habari.

Ya Bibi ni ile ya shaba. Babu yake mzaa baba alibebeshwa mizigo ya vita, na hiyo ni sehemu ya ujira wake. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Kwa simulizi ya Bibi, babu yake alikwenda sokoni kununua chumvi ya Uvinza, akatoa sarafu zake, na mwenye chumvi akazirudisha moja moja mkononi mwake. Serikali iliyozitoa ilikuwa imekimbia. Nyingine alizitupa kwa hasira. Hii moja akaibakiza, awaonyeshe watoto wake mshahara wa miezi ulikuwaje.

Habari hiyo mume wangu, mtoto wa kumzaa, alikuwa hajawahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Sarafu zina upande mwingine hapa kwetu, na kila mzazi aujue kabla mtoto hajaanza kutangaza mtaani kwamba kwao kuna "rupia ya Mjerumani".

Mnazijua hadithi hizo. Kuna rupia inayovuta mchele. Kuna rupia yenye zebaki ndani. Kuna mzungu Dar es Salaam, au mwarabu, au mchina, inategemea mwaka, anayeinunua kwa mamilioni. Kuna sanduku la Mjerumani chini ya mwembe. Vijana wamechimba mashimo usiku kuzunguka majengo ya kale kwa hadithi hizi, wengine wameuza ng'ombe.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alisikia kutoka kwa watoto kwamba Bibi ana sarafu ya njano ya mwaka 1916. Alisikia pia, kutoka kwenye simu, kwamba sarafu ya dhahabu ya Tabora inauzwa mamilioni mengi ya shilingi. Akaunganisha mambo mawili. Wiki iliyofuata akaja na mtu, amevaa vizuri, ana mkoba, anaongea polepole. Yule mtu aliishika ile heller 20, akaipima uzito kwa kiganja, akatikisa kichwa kama daktari. Milioni mia moja, alisema. Ila lazima kwanza ipimwe kwa mashine, na kupima ni laki tatu, taslimu, leo.

Laki tatu zilikuwepo. Tulikuwa tumechangishana ndugu wote, pamoja na wifi zangu wawili, laki tatu na nusu, kwa ajili ya upasuaji wa macho ya Bibi.

"Shemeji, elewa," aliniambia pembeni, na naamini alikuwa anasema kwa moyo safi. "Laki tatu inarudi milioni mia. Mama anatibiwa India, siyo hapa." Mume wangu alikuwa kimya. Naujua ukimya wake, ulikuwa umeshaanza kupiga hesabu.

Binti yangu alikuwa amekaa mkekani na daftari lake. Hakuruhusiwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, na kwa kweli hakuingilia. Alimsogelea baba yake mdogo, akampa daftari wazi, kwa mikono miwili. Kwenye ukurasa alikuwa amechora sarafu mbili kwa penseli. Moja ndogo, yenye tembo: rupia 15, dhahabu, gramu 7 na kidogo. Nyingine kubwa, yenye taji: heller 20, shaba. Chini ya ile ya pili ameandika: Hii ndiyo ya Bibi.

Shemeji akaangalia daftari, akaangalia sarafu. Akaigeuza. "Tembo yuko wapi?" akamwuliza yule mtu.

Yule mtu akasema tembo huonekana baada ya kupimwa.

Bibi, ambaye tulidhani amesinzia, akanyoosha mkono. "Leteni pesa ya babu yangu." Ikawekwa kwenye kiganja chake, akaifunga kwenye kitambaa. "Ilishamdanganya yeye. Haitawadanganya nyinyi." Akamwambia mgeni chai iko tayari akitaka. Hakutaka. Namba yake ya simu, shemeji anasema, haijapatikana tangu siku ile.

Kwa nini nasema haya kwenye safu ya familia? Kwa sababu mtoto akianza kukusanya, mtu wa aina hii atafika, au atapiga simu. Kanuni yetu nyumbani sasa ni fupi: mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Tusipiganie pia bei za kwenye simu. Mtu yeyote anaweza kuandika kwamba anauza senti ya tundu kwa milioni tano, lakini bei iliyoombwa siyo bei iliyolipwa, na ukitafuta zilizouzwa kweli utakuta heller 20 ya Tabora kwa kawaida inacheza kwenye bei ya mbuzi, haifiki ya kiwanja. Mtu akidai yake ni dhahabu, sonara wa sokoni atamwambia ukweli kwa dakika chache, mbele ya macho yake, bila sarafu kuondoka mezani. Picha za sarafu za nyumbani zisitupwe hovyo kwenye makundi ya simu pamoja na jina la mtaa. Na kuchimba, hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila kibali, na hata bila sheria, ukuta wa tembe la kale haujengeki upya.

Siku hiyo hiyo, kwa kutaka kurudisha amani, shemeji alichukua majivu na ndimu aisugue ile heller ing'ae. Binti yangu alipiga ukelele uliowatoa kuku uani. Alikuwa sahihi. Sarafu ya zamani haisuguliwi: siyo kwa majivu, siyo kwa mchanga, siyo kwa dawa ya meno. Ile rangi nyeusi iliyoshika juu ni kama ngozi yake, na ukiitoa unatoa pamoja nayo ncha za herufi, na thamani, na ushahidi. Vumbi likizidi, maji safi na kitambaa laini vinatosha, kisha ikaushwe kabisa. Ishikwe pembeni, kama unavyoshika picha. Sisi kila moja tumeitia bahasha ndogo ya karatasi, maana mifuko mingi ya plastiki ikikaa muda mrefu na madini huacha ute wa kijani. Bahasha ziko ndani ya boksi la viatu, na vile vipakiti vyenye chembechembe vilivyokuja na viatu tumeviacha humo humo vivute unyevu wa masika. Wenye watoto wadogo, boksi likae juu. Mdogo wake ana miaka miwili na kila kitu ni chakula.

Daftari ndilo nalithamini kuliko boksi. Kila sarafu ina mistari yake: nchi, mwaka, maandishi, inanasa sumaku au hainasi, tumeipata kwa nani, na huyo mtu alisema nini. Mstari huo wa mwisho tumeuongeza baada ya Kwihara. Fundi cherehani yumo, na dala yake. Mwenye chumvi wa Uvinza yumo. Kwa sasa Bibi anaagiza mjukuu aje na kalamu, maana kila akishika sarafu anakumbuka kitu ambacho hakikuombwa: nani alikopa, nani alilipiwa mahari ya ng'ombe wangapi, duka la nani liliungua. Wifi yangu mmoja amejua jina la bibi mzaa bibi yake kutoka kwenye daftari la mtoto wa darasa la tano.

Laki tatu na nusu ziliongezewa kidogo, na Bibi akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi Machi. Bandeji ilipotolewa na tukamrudisha nyumbani, aliomba mkebe. Akaifungua ile heller, akaiangalia muda mrefu sana kwa jicho lake jipya.

"Mbona imekuwa chafu hivi?" akasema. "Mnashindwa hata kuisugua?"

Ilibidi mke mwenzake aanze kumweleza upya, na sina hakika amekubali. Jicho la kushoto tumelipangia baada ya mavuno ya tumbaku, shemeji akishalipwa.

Tembo wa shilingi ishirini alipatikana mwezi Mei, chini ya zulia la gari la shemeji huyo huyo. Samaki tunao wanne, mbuni wawili, sungura hata tumeanza kugawa. Rafiki yake wa shule alitoa shilingi ya Uganda akapewa sungura mmoja, na wote wawili wanaamini wamemshinda mwenzake. Asiyepatikana ni punda milia wa senti kumi, ile yenye ukingo wa mawimbi, ya mwaka 1977 na kuendelea. Tumeulizia Isevya, Ng'ambo, mpaka Urambo. Bahasha yake imeshaandikwa na iko tupu. Kabla hamjamwaga mkebe wa vifungo vya marehemu bibi yenu, hebu piteni kidole humo.